Weupe Uliochujuka: Picha za Malkia Elizabeth wa Kwanza na Kipimo cha Uzuri

Mhakiki wa fasihi anapoingia katika uwanja wa uchoraji hana budi kueleza kilichompeleka huko. Mimi nimepelekwa na sifa. Kwa miaka mingi nimefundisha ushairi wa sifa, na kila mwaka hujitokeza wanafunzi wanaouliza swali lilelile: mtunzi anaposema kwamba mfalme wake ni simba, au kwamba uso wa bibi fulani ni mwezi wa kumi na nne, je, anasema kweli au anasema uongo? Nyuma ya swali hili kuna jingine lililo zito zaidi, nalo ni iwapo sanaa inayomtumikia mwenye enzi inastahili kuitwa sanaa, au ni ukasuku mtupu. Makala haya yananuia kulijadili suala hilo kwa kutumia mifano iliyo mbali na ushairi wetu, yaani picha zilizochorwa za Malkia Elizabeth wa Kwanza wa Uingereza, aliyetawala kuanzia mwaka 1558 hadi 1603. Nitajaribu kuonyesha kwamba picha ya kifalme hueleweka vyema zaidi ikisomwa kama sifa, na kwamba kazi yake kuu ni kukifanya cheo kionekane kama uzuri, na uzuri huo nao uonekane kama maumbile. Aidha, nitadai kwamba kipimo cha uzuri kilichojengwa kwa njia hii kimetufikia hata sisi, tena kikiwa kimeharibika njiani.

Msomaji asidhani kwamba nimetoka nje ya mipaka ya taaluma yetu. Muhammad Kijumwa wa Lamu, aliyetunga Utendi wa Fumo Liyongo, alikuwa mshairi, mwandishi wa hati na mchongaji wa mbao, wala sidhani kwamba alijiona anavuka mpaka kila alipoweka kalamu chini na kushika patasi. Katika utendi huo Liyongo ni mrefu na mwenye nguvu kuliko binadamu wa kawaida. Hakuna msikilizaji wa Lamu wala wa Pate ambaye angetaka kuleta chenezo ili ampime. Urefu wa Liyongo ni lugha ya kuelezea ukubwa wa jina lake. Ninachopendekeza ni kwamba tuzitazame picha za wafalme kwa uelewa uleule tunaousikilizia utendi.

Mwaka mmoja niliwapitishia wanafunzi wa uzamili nakala ya picha iitwayo Darnley, ambayo ilichorwa karibu na mwaka 1575 na mchoraji asiyejulikana jina. Niliwataka waieleze kama wanavyoeleza ubeti: waanze na kilichomo, kisha mpangilio wake, kisha maana. Baada ya kimya kirefu mwanafunzi mmoja wa kike alisema, "Mwalimu, huyu si mzuri. Huyu ni mkubwa." Wenzake walicheka, lakini nililiandika jibu lake ubaoni, na tangu siku ile nimelitumia kama mlango wa kuingilia somo hili. Jibu hilo limezitenganisha dhana mbili ambazo mchoraji wa kifalme alijitahidi kuziunganisha kiasi kwamba mtazamaji asione mshono.

Hebu tuiangalie picha yenyewe. Malkia amesimama, naye anaonekana kuanzia magotini hadi kichwani. Mkononi ameshika kipepeo cha manyoya ya ndege, na nyuma yake, mezani, kuna taji na fimbo ya enzi. Uso wake umechukua sehemu ndogo tu ya ubao. Sehemu kubwa imetwaliwa na nguo, ukosi uliokunjwakunjwa, na mikufu ya lulu. Uso hautabasamu, haukasiriki wala haumsemeshi mtu. Kinachosema ni pambo. Msomaji wa ushairi wa Kiswahili atakumbuka kwamba Mwana Kupona binti Mshamu, katika utenzi alioutunga mwaka 1858, anamwelekeza bintiye namna ya kujipamba, na kwamba katika utenzi ule pambo ni lugha inayozungumzwa ndani ya nyumba, baina ya mke na mume. Kwa Elizabeth, aliyekataa kuolewa, pambo lilisemezwa nchi nzima. Lulu, ambayo ilikuwa ishara ya ubikira, ilitangaza kwamba mwili wa Malkia haukuwa wa mwanamume yeyote. Na wingi wa lulu ulitangaza kwamba hazina yake haikuwa na mfano. Maana hizi mbili, usafi na utajiri, zilivaliwa katika mkufu mmoja.

Jambo la pili linalostahili kuzingatiwa ni kwamba uso tunaouona katika picha ya Darnley haukubaki hapo. Uligeuzwa kuwa kielelezo, na kwa miaka mingi wachoraji wengine waliunakili katika picha mpya, wakibadilisha nguo na vito huku uso ukibaki uleule. Utaratibu huu ulikuwa umewaziwa mapema. Mwaka 1563 waziri wa Malkia, William Cecil, aliandaa rasimu ya tangazo lililokusudia kuwazuia watu wasichore sura ya Malkia mpaka mchoraji mmoja stadi atakapokamilisha picha ya kuridhisha, nao wengine waifuate hiyo. Mwanafasihi simulizi hatashangazwa na mbinu hii. Majina ya sifa hufanya kazi vivyo hivyo. Manju hatungi jina jipya kila anapomwimba mtawala, bali hurudia lile linalokubalika, na kurudiwa kwenyewe ndiko kunakolithibitisha. Hata hivyo, kuna tofauti moja ambayo hatuwezi kuipuuza. Jina la sifa hukubaliwa na hadhira, ilhali uso wa Elizabeth ulikubaliwa kwanza na serikali.

Sisi Wakenya hatuhitaji maelezo marefu kuhusu jambo hili. Uso wa Elizabeth mwingine, yaani wa Pili, ulikuwa kwenye noti za shilingi za Afrika Mashariki kabla ya uhuru. Baada ya uhuru zilifuata nyuso za marais, kwenye fedha na kwenye kuta za ofisi na maduka. Hatimaye Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 231, iliagiza kwamba noti na sarafu zisibebe picha ya mtu yeyote binafsi. Taifa linaloandika sharti kama hilo katika katiba yake limekwisha kutambua kwamba sura ya mtawala, ikirudiwa vya kutosha, huacha kuwa picha na kuwa hoja.

Hoja hiyo huonekana waziwazi katika picha mbili kubwa za miaka ya mwisho ya utawala wa Elizabeth. Ya kwanza ni ile iliyochorwa kuadhimisha kushindwa kwa merikebu za kivita za Uhispania mwaka 1588. Malkia, aliyekuwa na umri wa miaka 55, ameketi kati ya madirisha mawili. Katika dirisha moja merikebu ziko salama; katika jingine merikebu za Wahispania zinatupwa na dhoruba miambani. Mkono wake umetulia juu ya tufe la dunia, na vidole vimefunika bara la Amerika. Ya pili, iitwayo Ditchley, ilichorwa na Marcus Gheeraerts Mdogo karibu na mwaka 1592, nayo ina urefu wa takriban mita 2.4. Humo Malkia amesimama juu ya ramani ya Uingereza kama mtu anavyosimama juu ya zulia. Nyuma yake upande mmoja kuna giza na radi, na upande wa pili anga imetakata. Ikiwa twamkubali Liyongo aliye mrefu kupita watu, basi hatuwezi kumkataa mwanamke ambaye ukubwa wake umeifunika nchi. Mbinu ni ileile ya kutia chumvi, isipokuwa hapa imeandikwa kwa rangi ya mafuta.

Katika suala la umri ndipo uzuri na cheo vinapokutana kwa namna inayotatanisha zaidi. Nicholas Hilliard, aliyekuwa bingwa wa picha ndogo za kuvaliwa au kuwekwa katika kijaluba, ameeleza katika risala yake kuhusu sanaa hiyo jinsi Malkia alivyochagua kukaa mahali pa wazi bustanini, pasipokuwa na mti karibu wala kivuli chochote, ili achorwe. Kwa mchoraji, kivuli ndicho kinachoonyesha mfupa, mkunjo na shimo la jicho. Uso usio na kivuli hauna umri, na wala hauna saa ya mchana. Mwezi Julai 1596, Malkia alipokuwa anakaribia miaka 63, Baraza lake liliamuru maafisa wa serikali wamsaidie mchoraji mkuu wa Malkia kuzisaka picha zisizofaa ambazo zilikuwa zikimuudhi. Picha iitwayo ya Upinde wa Mvua, iliyochorwa karibu na mwaka 1600, inamwonyesha akiwa na uso wa msichana na nywele zilizoachwa huru kama za mwari. Joho lake limetapakaa macho na masikio, na juu ya mkono wa nguo amejikunja nyoka, ishara ya hekima. Malkia ameushika upinde wa mvua, na maandishi ya Kilatini yanasema kwamba pasipo jua hakuna upinde. Jua, bila shaka, ni yeye.

Je, huu ni uongo? Mhakiki wa kihalisi atajibu kwamba ndiyo, na atatuelekeza kwenye picha ndogo ya Isaac Oliver ya mwanzoni mwa miaka ya 1590, iliyomo katika Jumba la Makumbusho la Victoria and Albert jijini London. Katika picha hiyo Elizabeth ni mwanamke mzima, uso umekonda na macho yana uchovu. Haikumalizwa. Naikubali picha ya Oliver kuwa ushahidi kwamba jicho la msanii wa enzi ile liliona vyema, na kwamba alipochora ujana hakufanya hivyo kwa sababu ya upofu. Lakini sikubali kwamba swali la uongo linaishia hapo. Elizabeth hakuwa na mume wala mtoto, na suala la nani angemrithi lilikuwa hofu kubwa ya raia wake. Mkunjo mmoja kwenye uso wake ulikuwa habari ya kisiasa. Ujana wa picha zile haukuwa kiburi cha mwanamke mmoja tu. Ulikuwa ahadi kwamba kesho nchi itaamka na kuikuta serikali yake ingali pale. Ndiyo sababu nasema kwamba sifa haipaswi kuulizwa iwapo inafanana na msifiwa. Inapaswa kuulizwa inaficha hofu gani, na ya nani. Mwanafunzi wangu alikuwa ameona upande mmoja wa jambo hili: kilichochorwa kilikuwa ukubwa. Upande wa pili ni kwamba ukubwa huo ulikuwa unatetemeka.

Lakini hatuwezi kuuacha uzuri ukamezwa na siasa kana kwamba haukuwa na umbo lake. Ulikuwa nalo, na umbo hilo lilikuwa la rangi mbili. Washairi wa Uingereza wa karne ya 16 waliusifu uso wa mwanamke kwa weupe na wekundu, kwa yungiyungi na waridi. Kwa Elizabeth rangi hizo zilikuwa na maana ya ziada. Babu yake, Henry wa Saba, alikuwa ameziunganisha kwa ndoa koo mbili zilizopigania kiti cha enzi, Lancaster ambayo ishara yake ilikuwa waridi jekundu, na York ambayo ishara yake ilikuwa waridi jeupe. Edmund Spenser, katika sehemu ya Aprili ya kitabu chake The Shepheardes Calender cha mwaka 1579, anazichanganya waridi hizo katika mashavu ya Malkia anayemsifu. Shavu likawa mkataba wa amani. Nyekundu bila nyeupe ilikuwa nusu ya ufalme, na nyeupe bila nyekundu vilevile.

Isitoshe, katika Kiingereza cha enzi ile, kama ilivyo hata leo, neno moja lilibeba maana ya weupe, ya uzuri na ya haki. Tusijione watakatifu katika hili, kwani ushairi wetu nao umezoea kuusifu uso kwa mwezi na kwa nuru. Lakini lugha inapofunga maana hizo tatu katika neno moja, na serikali inapoliweka neno hilo katika uso wa mtawala, aliye mweusi huwa amekwisha kupewa nafasi yake kabla hajafungua kinywa. Nafasi hiyo tunaweza kuionyesha kwa kidole. Malkia alimpa nahodha Francis Drake kito ambacho leo hujulikana kwa jina la nahodha huyo. Ndani yake kuna picha ndogo ya Elizabeth iliyochorwa na Hilliard katika miaka ya 1580. Nje, katika jiwe lenye matabaka ya rangi, kumechongwa kichwa cha mwanamume Mwafrika, na nyuma yake kichwa cha mwanamke mweupe. Drake alichorwa mwaka 1591 akiwa amekivaa kito hicho. Huyu ndiye Drake aliyekuwa amesafiri na John Hawkins katika safari za kununua na kuuza watu kutoka Afrika Magharibi, na Malkia mwenyewe alikuwa amemkopesha Hawkins merikebu kwa ajili ya biashara hiyo. Ili kumfikia Malkia ndani ya kito, sharti kwanza mkono ufungue kichwa cha Mwafrika.

Wapo wataalamu wanaokifasiri kichwa hicho kama ishara ya heshima, ya mfalme wa mbali au ya ushirika dhidi ya Uhispania. Siwezi kuupinga uwezekano huo kwa kukitazama kito peke yake. Nakumbusha tu kwamba mnamo Julai 1596, yaani mwezi uleule ambao Baraza liliamuru picha zisizofaa zisakwe, Baraza hilohilo liliandika barua kuamuru watu weusi kumi walioletwa nchini waondolewe, likidai kwamba watu wa aina hiyo walikuwa wamezidi. Sisemi kwamba amri moja ilizaliwa na nyingine. Nasema kwamba ziliandikwa mezani pamoja, na kwamba zote mbili zilishughulikia sura zipi zinafaa kuonekana katika ufalme.

Miaka kadhaa baada ya darasa lile nilipata fursa ya kuzuru London, na nikaenda katika jumba la picha za watu mashuhuri, National Portrait Gallery, ambako picha za Darnley na Ditchley zimehifadhiwa. Nilikaa mbele ya ile ya Darnley kwa muda mrefu. Weupe wa uso ule ulikuwa baridi kuliko nilivyoujua katika nakala, mithili ya chokaa. Nilijisemea kwamba hiki ndicho kipimo chenyewe, asili ya dhana ambayo vitabu vya shule za kikoloni vilituletea katika hadithi za mabinti wa kifalme weupe kama theluji, tukazisoma mahali ambapo theluji ilikuwa neno tu.

Uchunguzi wa kitaalamu uliofanywa na jumba hilo umebainisha jambo ambalo jicho haliwezi kulijua. Rangi nyekundu zilizotumika katika picha ya Darnley zilikuwa za aina inayochujuka kwa mwanga. Mashavu ya Malkia yalikuwa mekundu yalipotoka mkononi mwa mchoraji. Nguo ambayo leo ina mistari ya rangi ya kahawia ilikuwa na wekundu uliokolea. Kwa karne nne wekundu huo ulififia polepole, ukabakisha nyeupe peke yake. Mzuka ule mweupe, ambao vizazi kadhaa vimeutazama na kuuita Elizabeth, haukuchorwa na mtu yeyote. Umechorwa na wakati. Waridi la Lancaster limepukutika, na mkataba wa amani ambao Spenser aliusoma katika mashavu umebaki na sahihi moja.

Sitaki kulikuza jambo hili kupita kiasi. Weupe ulithaminiwa hata wakati wekundu ulipokuwapo, na wanawake wa tabaka la juu wa enzi ile walijipaka unga wa risasi ulioidhuru ngozi waliyotaka kuipendezesha. Lakini tofauti kati ya uso wenye damu na uso wa chokaa ni kubwa. Uso wa kwanza ni wa kiumbe hai aliyesifiwa kwa lugha ya zama zake. Wa pili ni kipimo kisichoweza kufikiwa na binadamu yeyote, awe wa London au wa Kisumu. Hadi leo katika madarasa yetu wamo vijana, wa kike kwa wa kiume, wanaotumia krimu za kujichubua, nyingine zikiwa na zebaki. Ukiwauliza watakwambia kwamba wanatafuta uzuri, nami sina sababu ya kuwadharau, kwani ninajua jinsi cheo kinavyoweza kuvaa nguo za uzuri. Katika soko la ajira, katika matangazo ya biashara na hata katika posa, weupe unaendelea kusema kile ulichokisema katika picha za Elizabeth: huyu ni mkubwa. Wanachokitafuta wengi wao ni huo ukubwa.

Narudi, basi, katika swali la wanafunzi wangu. Sanaa inayomsifu mwenye enzi ni sanaa, na inaweza kuwa sanaa kubwa. Picha ya Ditchley ni kazi ambayo siwezi kuitazama bila kustaajabia ufundi wake. Mhakiki anayeitupa kwa kuiita ukasuku hujinyima nafasi ya kujua jinsi inavyofanya kazi, na kisichojulikana jinsi kinavyofanya kazi huendelea kufanya kazi. Wajibu wetu ni kuusoma ukubwa kama ukubwa na uzuri kama uzuri, kutafuta mshono baina yao, na kuuliza ni nani aliyefichwa ili picha itimie. Katika muhula ujao nitawapa tena wanafunzi picha ya Darnley pamoja na ubeti wa sifa wa pwani, na swali litakuwa moja kwa kazi zote mbili: ni rangi gani iliyokuwapo hapa ambayo sasa haionekani?